Bangili ya Mtani

Mimi siitukani mashine. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakinisikia naanza kisa hiki hudhani nitaishia kuilaani, na mimi ni Mhaya, nikishaanza kusema kunyamaza ni kazi. Mashine ile imefanya mema mengi. Enzi za ujana wangu mtoto aliulizwa, "Ukikua utakuwa nani?" naye akajibu neno alilolisikia kwa shangazi yake. Mimi nilijibu mwanasheria. Nikasoma sheria miaka minne, na miaka yote minne nilikuwa nasinzia. Siku moja nikakaa na mtoto wa jirani kumsaidia kuchagua masomo, nikashtuka jua limezama na chai yangu imepoa. Ndivyo nilivyojijua, kwa bahati tu, nikiwa na miaka ishirini na sita.

Wanafunzi wangu hawasubiri bahati. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza kila mmoja anavishwa bangili. Bangili inasikiliza mapigo ya moyo, pumzi na jasho la ngozi, na mwili unapotulia juu ya jambo, kule kutulia kunakomsahaulisha mtu njaa, inawasha taa ndogo ya kijani na kuweka kumbukumbu ya mahali, saa na shughuli. Alama za mtihani haizijali. Miaka minne ikitimia, mtambo wa kanda unajumlisha saa zote za kutulia na kutoa Ramani, yaani kazi ambayo mambo hayo yanaielekea. Na hapo ndipo ninapoipendea mashine, maana inaona mbali. Kulikuwa na mtoto aliyependa kupanga viatu vya wageni mlangoni. Sisi tulimcheka. Leo ndiye anayepanga treni za Makambako, na hazijagongana hata siku moja.

Kazi yangu pale Sekondari ya Mtitu Juu ni kuzisoma Ramani hizo mbele ya wazazi na kueleza. Naitwa Mwalimu Kokusima. Watoto wananiita Mwalimu Koku, na wakidhani siwasikii, Mwalimu Ramani.

*

Siku ya Ramani ya mwaka 2083 ilikuwa Ijumaa ya mvua. Ukumbi ulijaa wazazi, miavuli na harufu ya makoti yaliyolowa. Mstari wa pili alikaa Mama Oresta, kichwa amekifunga kitenge cheusi kama alivyokifunga kwa miezi kumi na minne, tangu mumewe alipofariki.

Marehemu Osmund Mapunda alikuwa fundi wa pampu za visima virefu. Tangu mito ilipopungua mji mzima unakunywa maji yanayovutwa kutoka mita mia nne chini, kwa hiyo fundi wa pampu kwetu ni mtu mkubwa kuliko diwani. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi: anaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini anaukaza sikioni, anafumba macho. Kisha anakwambia pampu inaumwa wapi. Vipimo vya kompyuta alikuwa navyo kabatini, na humo kabatini ndimo vilimozeekea.

Nikamwita binti yake.

"Oresta Mapunda. Uhandisi wa visima virefu, Chuo cha Maji. Msingi wa Ramani: karakana ya pampu, saa mia tatu na arobaini za kutulia katika mwaka wa mwisho."

Mama Oresta akasimama, akapiga kigelegele kilichopasua ukumbi. "Mapunda amerudi!" akasema. "Jamani, Mapunda amerudi!" Wamama wakampokea, na mimi mwenyewe macho yakanijaa machozi. Oresta alikuja mbele, akapokea bahasha yake kwa mikono miwili na kunipigia goti. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepewa pole.

Wa tatu baada yake alikuwa Semeni Kikoti, binti wa Kihehe, mrefu, mcheshi, hodari wa kuigiza walimu.

"Semeni Kikoti. Ufumaji wa mishipa ya fahamu, Chuo cha Tiba ya Viungo." Hao ndio mafundi wanaoifuma mishipa ya mikono ya bandia, uzi kwa uzi, mpaka mtu aliyekatika mkono ahisi tena joto la kikombe. "Msingi wa Ramani: kusuka nywele, saa mia mbili na kumi na mbili."

Ukumbi uliangua kicheko. Semeni alijaribu kumsuka mdogo wake mara moja tu maishani, na ilibidi mtoto anyolewe. Hata mama yake Semeni alicheka, kanga mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshikilia karatasi, sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka jambo jingine: mwezi uliopita tu, Mama Oresta alinilalamikia kwamba binti yake hajakanyaga karakana ya baba yake tangu mazishi. Akitoka shule huzunguka kwa uzio wa jirani ili asipite hata mlangoni.

Sasa hizo saa mia tatu na arobaini alizipata wapi?

*

Niliwaita wote wawili ofisini, nikafunga mlango, nikawaambia waweke mikono mezani. Bangili zina namba upande wa ndani. Sikuhitaji kuzisoma mara mbili: kila mmoja alikuwa amevaa ya mwenzake.

"Tangu lini?" nikauliza.

Wakatazamana. Semeni ndiye aliyejibu. "Tangu msiba, Mwalimu."

Hapo nikaukumbuka ule msiba, maana nilikuwepo. Oresta ni Mngoni, Semeni ni Mhehe, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu. Anayejua msiba wenye watani anajua fujo yake. Kina Kikoti waliingia uwanjani ukoo mzima, wakakalia viti vya wafiwa, wakadai Wangoni wote waliosalia wapimwe kama wana akili. Semeni alivaa ovaroli ya marehemu. Akaja hadi kwenye jeneza, akaweka bisibisi juu ya ubao na mpini sikioni, akafumba macho vilevile kama marehemu, akasikiliza. Kisha akatikisa kichwa: "Hii imekwisha kabisa. Leteni nyingine." Mama Oresta, ambaye siku mbili hakuwa ametoa sauti, alicheka, na kwa kucheka ndipo akaweza kulia. Ndiyo kazi ya mtani hiyo.

"Halafu nikamvua Oresta bangili," Semeni akaendelea. "Nikasema nimeichukua mpaka wanikomboe kwa kuku na pombe ya ulanzi. Ni desturi, Mwalimu. Lakini nikaona mkono wake mtupu, na mwanafunzi akikutwa mkono mtupu ni kosa. Nikamvika yangu. Nilijua ni ya siku tatu tu, mpaka wanikomboe."

"Na kwa nini hamkukomboa?"

Oresta akainamisha kichwa. "Kitu cha mtani kinakombolewa siku ya kuanua matanga, Mwalimu. Mama hajaanua. Kila nikimuuliza anasema bado."

"Na wewe Semeni hukuweza kumrudishia mwenzako?"

"Bure?" Akanitazama kama nimemwambia atembee uchi sokoni. "Mwalimu, kitu cha msiba kikirudishwa bure ni kumtukana marehemu. Ni kusema hakustahili hata kuku."

Nikaketi. Kisha nikauliza swali lililokuwa linanisumbua zaidi: mashine yenyewe imewezaje kutojua? Bangili inatambua mwili wa mwenyewe. Ukimwazima ndugu yako kwa saa moja inalia kama mbuzi.

Jibu nililipata kabatini, kwenye mwongozo wa bangili, kitabu cha kurasa mia nne ambacho nina hakika katika kanda nzima ni mimi peke yangu niliyekisoma chote. Angalau hilo sheria ilinifundisha. Watengenezaji walijua kwamba mtu aliyefiwa hubadilika: moyo unapiga vingine, hali chakula, halali usingizi, aliyoyapenda hayapendi. Basi wakaweka kifungu cha msiba. Shule ikitoa taarifa ya kifo, bangili ya mfiwa inaacha kudai mwili wa zamani na kujifunza upya, na inaendelea hivyo mpaka familia iseme matanga yameanuliwa. Kwa marafiki waliokuwa naye karibu kwenye msiba, inalegeza vilevile. Walikuwa watu wema walioandika kifungu hicho. Walifikiria machozi, walifikiria njaa, walifikiria watu wanaoomboleza siku tatu na wanaoomboleza mwaka. Hawakufikiria watani.

Kwa hiyo mwili wa Semeni uliandikwa kwa jina la Oresta. Na Semeni, alipokwenda karakana kurudisha bisibisi, alimkuta Mzee Chengula, fundi mwenzake marehemu, amefungua pampu mezani. Akauliza hiki nini. Hakuondoka tena.

"Nilianza kwa kumwigiza tu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatania. "Naweka bisibisi sikioni ili Mzee Chengula acheke. Halafu siku moja nikasikia. Kweli nikasikia, Mwalimu, beringi ya chini inakwaruza. Tukafungua, ikawa ndiyo."

Nikamgeukia Oresta. "Na wewe unasuka."

"Jumamosi bwenini. Inanipumzisha."

"Basi jambo ni jepesi. Nitaandika kanda, wabadilishe."

"Hapana, Mwalimu!" Alisimama kabisa. "Tafadhali acha. Mama amepiga kigelegele. Unajua ni muda gani hajapiga kigelegele? Nitakwenda Chuo cha Maji. Nitazoea. Nilikuwa napenda pampu zamani, baba akiwepo."

"Na mimi nimekubali," Semeni akadakia. "Vidole vyangu vitajifunza."

"Vidole vyako, Semeni, vilimtia mdogo wako upara."

Hawakucheka. Niliwaruhusu waende nikabaki na zile bahasha mbili.

*

Jambo lenyewe halikuwa jepesi. Kifungu cha tisa cha mwongozo kinasema: bangili ikivaliwa na mwili usio wake kwa kusudi la kudanganya, Ramani zote zinazohusika zinafutwa, na wahusika wanaingia kwenye bahati nasibu ya nafasi. Bahati nasibu maana yake ni kule kule tulikotoka enzi zangu, mtoto anapelekwa popote penye kiti. Nikiandika, huenda nikawapotezea wote wawili. Nikinyamaza, kila mmoja ana nafasi Januari, ila ni nafasi ya mwenzake.

Nilimpigia simu afisa wa kanda, Bwana Egno Luambano, mtu wa Peramiho, mwenye sauti ya upole. Nikamweleza kwa kuzunguka, kwamba tuseme kuna wanafunzi, tuseme kuna bangili. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu Koku," akasema, "hapa umeniuliza kitu, au hujaniuliza?"

"Nikiwa nimekuuliza?"

"Itabidi uandike, nami nije na sanduku nichukue bangili zote mbili. Sheria ni sheria. Kama hujaniuliza, mimi nilikuwa nakunywa chai."

Alinipa mlango, na alinipa kwa wema. Nikamshukuru, nikakata simu. Nakiri nilielekea kuupita mlango huo. Nilijiambia Oresta ni mtoto mwenye akili, atafaulu popote. Nilijiambia mama mjane amefurahi, nani mimi wa kumwondolea furaha? Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu ya kutosha kunifikisha hata kustaafu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilipita nyuma ya mabweni kutafuta kuku wangu mmoja mzururaji. Oresta alikuwa ameketi kwenye benchi, binti wa kidato cha kwanza katikati ya magoti yake, anamsuka. Sijawahi kuona vidole vya namna ile. Vilikuwa vinatafuta nywele na kuzipata bila macho. Macho yalikuwa yametulia mbali, na alikuwa anaimba kwa pua. Mkononi, ile bangili ya Semeni ikawaka kijani.

Akaiona. Haraka akashusha mkono wa sweta, akaifunika taa, akatazama huku na huku kama kuna mtu ameona. Kisha akaendelea kusuka, mkono umefunikwa.

Nilisimama nyuma ya tangi la maji. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii ili watoto waione taa ile na kufurahi, na sasa kuna mtoto anaificha kama kitu cha wizi. Nikarudi ofisini. Niliandika ukweli wote, ukurasa mmoja na nusu, tangu bisibisi ya jenezani hadi upara wa mdogo wake Semeni, nikatia sahihi yangu. Niliwaita wasichana nikawasomea kabla ya kutuma. Oresta alilia. Semeni alisema, "Angalau umeandika jina langu vizuri." Nikatuma.

*

Kwa Mama Oresta nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Alinikaribisha chai na viazi, nami nikamwambia kila kitu kabla chai haijapoa, maana najijua.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniuliza kama mimi nimezaa. Aliniuliza kama Uhayani kwetu watoto hawarithi kazi za baba zao. Nilinyamaza, jambo ambalo kwangu ni ibada. Alipochoka akakaa, akaushika ukingo wa kitenge chake cha kichwani.

"Nikimkomboa Semeni, matanga yameanuliwa," akasema polepole. "Nikianua, ndiyo basi. Osmund amekwenda kweli."

"Najua, Mama Oresta."

"Hujui." Akakiachia kitenge. "Anakuwaje akisuka?"

"Anatulia. Anaimba kwa pua."

Akatazama dirishani. Ng'ambo ya uwanja mlango wa karakana ulikuwa wazi, na bisibisi ndefu imening'inia kwenye msumari wake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusuka," akasema. "Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ananisuka kila Jumapili, hapo hapo ulipokaa. Tangu msiba sijamwita." Akaniongezea chai ambayo sikuwa nimeomba. "Waambie Wahehe waje Jumamosi. Na kuku atakuwa mmoja tu, wasije wakajifanya ukoo mzima."

Walikuja ukoo mzima.

Saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Ulanzi ulikuwa kwenye ndoo tatu, supu jikoni, na kuku wa kukomboa, jogoo mwekundu, amefungwa mguu kwenye nguzo ya karakana. Katikati ya vigelegele gari la kanda likasimama getini, akashuka Bwana Luambano na sanduku lake jeusi la kuchukulia bangili. Barua niliituma mwenyewe, na matunda yake ndiyo hayo.

Semeni alimwona kabla yangu. Alikuwa tayari ndani ya ovaroli ya marehemu, imekunjwa miguuni. Akamsogelea kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Karibu. Kwenu ni wapi?"

"Marahaba. Peramiho, binti yangu."

"Peramiho ya Songea? Mngoni?"

"Mngoni hasa," akajibu Bwana Luambano kwa majivuno, na hapo ndipo alipokosea.

"Mngoni mwenzake marehemu!" Semeni alipaza sauti, na sanduku likawa tayari liko kichwani kwake. "Jamani, amekuja mwenyewe na mzigo wake! Hili ni letu mpaka likombolewe!"

Wahehe wakashangilia. Bwana Luambano alinyoosha mkono, akataka kusema neno la kiserikali. Kisha nikamwona anakumbuka yuko wapi, na yeye ni nani. Mkono ukarudi mfukoni. Mngoni hanyang'anyani na mtani msibani, hata akiwa na gari la serikali. Akapewa kigoda na kikombe cha ulanzi, akaketi akiitazama mali ya wizara ikizungushwa uwanjani kichwani kwa binti wa kidato cha nne. Nadhani pale kwenye kigoda ndipo alipouelewa ukurasa wangu mmoja na nusu.

Mama Oresta akamleta jogoo. "Chukua, mtani. Nirudishie cha mwanangu."

"Ngoja kwanza," Semeni akasema. "Fundi hajamaliza kazi."

Akaenda karakana, akaichukua ile bisibisi ndefu kwenye msumari. Alipotoka alikuwa anatembea vingine, bega la kushoto limeshuka kidogo, hatua nzito, na wazee waliomjua marehemu wakaguna. Akaja hadi mbele ya Oresta. Kwa upole akaweka ncha butu ya bisibisi begani kwa rafiki yake, akainamisha sikio kwenye mpini, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu. Jogoo peke yake ndiye aliyesema.

"Mama Oresta," Semeni akaita, na ilikuwa sauti ya Osmund Mapunda, ile ya chini, ya mtu asiye na haraka. "Nani kawaambia humu kuna pampu?"

Hakuna aliyecheka.

"Pampu zilikuwa zangu mimi. Nilizipenda mimi. Huyu alikuwa anakuja karakana kwa sababu alinipenda baba yake, na hilo linatosha, nimeshiba." Akafumbua macho, akamtazama Oresta. "Mwanangu, unabeba bisibisi ya nini? Irudishe msumarini. Nenda kwenye kazi yako. Zangu nimempa huyu Mhehe, ingawa ni Mhehe."

Ndipo watu wakacheka, wakacheka na kulia kwa pamoja, na Oresta alimkumbatia Semeni na ovaroli yake na kulia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Hakuna mwalimu ambaye angeweza kusema maneno yale. Mama mwenyewe asingeweza. Mimi nina shahada ya sheria na vyeti vitatu vya ushauri ukutani, na nilijua nimeona kazi yangu ikifanywa na mtu mwenye haki ya kuifanya. Nilishukuru, nashukuru hadi leo, kwamba kuna watu wanaopewa ruhusa ya kusema kwa mdomo wa marehemu.

Bangili zikavuliwa, kila moja ikarudi mkono wake. Jogoo akachukuliwa. Bwana Luambano naye akaulizwa atakomboa sanduku kwa nini, akasema hana kuku, ana kalamu.

"Kifungu cha tisa," akaniambia, akiandika juu ya goti, "kinasema kwa kusudi la kudanganya. Mimi nimekaa hapa tangu saa nne. Nimeona kusudi la kuzika." Akanipa karatasi nisome. Saa za ile miezi kumi na minne zingerudishwa kwa miili iliyoziishi. Wasichana wangevaa bangili zao wenyewe miezi sita zaidi ili mtambo uhakikishe, kwa hiyo Januari wangeikosa, wangeingia vyuoni Julai. Chini aliandika kwamba kifungu cha msiba kiongezewe mstari kuhusu watani, na kwamba mstari huo auandike Mwalimu Kokusima, kwa kuwa inaonekana anasoma mwongozo. Nikamwambia nitauandika hata kurasa kumi. Akasema mstari mmoja unatosha.

Sanduku likarudishwa tupu. Semeni alidai ni hisani kwa sababu Wangoni ni maskini.

Watu walipoanza kujipakulia supu, Mama Oresta alivuta mkeka hadi kwenye kivuli cha karakana, akaketi chini, akamwita binti yake. Halafu akafungua kile kitenge cheusi. Nywele zilikuwa zimeota nyingi, nyeusi chini na mvi mbele, zimelala upande mmoja kwa kufungwa muda mrefu. Oresta aliketi nyuma yake, akazigusa kwanza kwa kiganja tu. Kisha akatenga mstari wa katikati na kuanza.

Nilikuwa nimesimama karibu, bakuli langu mkononi. Vidole vilitafuta, vikapata. Baada ya muda alianza kuimba kwa pua, na mama akaupokea wimbo huo kwa chini, huku macho ameyafumba. Bangili ikawaka kijani. Nilisubiri kuona mkono wa sweta ukishushwa. Haukushushwa.

Mwanga ule mdogo uliangukia shingoni mwa mama. Akaugusa kama mtu anayepangusa sisimizi.

"Nini hicho kinachowaka huko nyuma?" akauliza.

"Ni mimi, Mama," Oresta akasema, akaendelea kusuka.